Kutengeneza kozi ya chuo kikuu pamoja na waajiri: mwongozo kamili kuanzia simu ya kwanza

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya watu wa vyuo, wakuu wa idara, wahadhiri, waratibu wa mitaala, yaani mtu yeyote aliyepewa kazi ya kutengeneza shahada au diploma ambayo mwanafunzi anaisoma huku yuko kazini. Utamfaa pia meneja wa kampuni anayetaka kujua chuo kinataka nini hasa kwake. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili ujue kwanini hatua zingine nimezirefusha na zingine nimezipita haraka: kozi ya namna hii inapona au inakufa mikononi mwa yule supavaiza anayekaa na mwanafunzi kila siku, na hata mkataba uwe mzuri vipi, umesainiwa na wakurugenzi wote, hauiokoi kama supavaiza alikuja kusikia habari za kozi siku mwanafunzi anaripoti.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini

Fieldi ya wiki kadhaa mwisho wa mwaka ni kitu kizuri ila sio hiki. Kwenye fieldi chuo kimeshaamua kila kitu na mwanafunzi anaenda kuona yale aliyosoma yanafanyikaje. Kwenye kozi ya kazini, kazi yenyewe inatoa sehemu ya mtaala na sehemu ya mtihani, na mara nyingi mwanafunzi ni mwajiriwa kabisa, ana mshahara, ana bosi, ana zamu.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1906 Herman Schneider alianzisha pale University of Cincinnati, Marekani, mpango wa wanafunzi wa uhandisi kupokezana kati ya darasa na kiwanda. University of Waterloo ya Kanada ilianza 1957 ikiwa na mfumo huo tangu mwanzo. Ujerumani, jimbo la Baden-Württemberg, walianza na vyuo vya taaluma 1974 na mwaka 2009 vikageuzwa kuwa chuo kikuu kimoja, DHBW, ambako mwanafunzi anatakiwa awe na mkataba na kampuni kwanza ndo asajiliwe, analipwa kipindi chote cha masomo, na anapokezana takriban miezi mitatu chuoni na miezi mitatu kazini. Uingereza nao walileta shahada fupi za kuandaliwa pamoja na waajiri mwaka 2001, halafu 2015 zikaja shahada za uanagenzi, yaani mtu anasoma huku ameajiriwa. Kwahiyo ukiambiwa chuoni kwenu kwamba jambo hili halijawahi kufanyika popote, mifano ipo, ichukue uende nayo kikaoni.

Hatua ya 1: Anza na kanuni za chuo chako

Kabla hujampigia simu mwajiri yeyote, kaa na msajili, mtu wa uhakiki ubora na mtu wa fedha, wote watatu kwa pamoja, uwaulize maswali haya: tunaweza kudahili wanafunzi mwezi tofauti na ule wa kawaida? Mwajiri anaweza kulipa ada kwa niaba ya wanafunzi kumi kwa ankara moja? Mtu ambaye sio mwajiriwa wa chuo anaweza kushiriki kutathmini mwanafunzi, na kama anaweza, kwa masharti gani? Saa za kazini zinaweza kuhesabiwa kwenye krediti, yaani vipimo vya kiasi cha masomo? Kama jibu la mojawapo ni hapana, unataka kulijua leo, sio baada ya kumwahidi mwajiri kitu ambacho seneti itakikataa miezi sita baadaye, maana mwajiri aliyepotezewa muda mara moja kumrudisha ni kazi kubwa sana.

Pia tafuta mtu mmoja mwenye sauti, mkuu wa kitivo au naibu makamu mkuu wa chuo, akubali kuibeba kozi hii kama yake. Bila huyo, kila kanuni ndogo itakuwa ukuta.

Hatua ya 2: Chagua waajiri, na wasiwe mmoja

Kampuni kubwa yenye jina inavutia, ila swali la maana ni hili: nani ana kazi halisi ambayo watu wake wanaifanya bila maarifa ya kutosha, na ana sababu ya kutaka wabaki? Mwajiri anayehangaika kupandisha mafundi wake kuwa mameneja atakupa muda wake. Anayetaka tu picha ya kusaini makubaliano hatakupa.

Lenga waajiri watatu mpaka watano kwenye sekta moja. Ukiwa na mmoja tu kozi inageuka mafunzo ya ndani ya kampuni yake, mhitimu akihamia kwingine anakuta alijifunza fomu na mashine za sehemu moja, na hiyo shahada inamfunga badala ya kumfungulia. Halafu huyo mmoja akiyumba kibiashara na wewe umeyumba. Wengi nao ni tatizo, kila mtu anataka moduli yake, yaani somo lake ndani ya kozi, na mtaala unakuwa hauna shina. Kama waajiri wa sekta hiyo ni wadogo wadogo, wenye watu wanne au kumi, pitia kwenye chama chao, mwajiri mdogo peke yake hawezi kumpa mwanafunzi kazi za kila aina lakini watatu wanaweza kupokezana.

Hatua ya 3: Kikao cha kwanza kifanyike kazini kwao

Usiwaite chuoni. Nenda, vaa viatu vya kutembea, omba kuzungushwa. Na usiulize "mnahitaji kozi gani" kwasababu mtu ambaye kazi yake sio kufundisha atakutajia majina ya kozi alizowahi kuzisikia. Uliza mambo ya kazi: ni kosa gani linajirudia na linawagharimu? Mtu mpya anachukua muda gani mpaka mumwachie zamu peke yake, na kinachomchelewesha ni nini? Nani akiumwa leo kazi inasimama, na anajua nini ambacho wengine hawajui? Mlimpandisha cheo nani akashindwa, na alishindwa wapi?

Ongea na ngazi tatu, na kila ngazi peke yake. Mkurugenzi atakuambia biashara inaelekea wapi. Mtu wa rasilimali watu atakuambia vyeo, mishahara, na mafunzo waliyojaribu. Supavaiza wa zamu ndo atakuambia ukweli wa kazi yenyewe, na ataongea kwa uhuru zaidi bosi asipokuwepo. Omba na makaratasi: maelezo ya kazi, ripoti za makosa au ajali, fomu wanazotumia kupima utendaji. Ukiona maelezo ya kazi yanasema kitu kimoja na supavaiza anasema kingine, mwamini supavaiza kisha ukathibitishe kwa macho.

Hatua ya 4: Ichambue kazi mpaka chini

Hapa ndo penye utajiri wote na hapa ndo watu wengi wanaruka. Njia inayotumika sana inaitwa DACUM, ilianzia Kanada miaka ya 1960 mwishoni, na haina ugumu: unakusanya wafanyakazi wazoefu, kati ya watano na kumi na mbili, ambao kazi hiyo wanaifanya wenyewe kwa mikono yao, mnakaa siku moja au mbili na mwongozaji mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza na kubandika kadi ukutani. Majukumu makubwa yanakuwa kama nane mpaka kumi na mbili, chini ya kila jukumu kazi ndogondogo, kila moja inaanza na kitenzi kinachoonekana kwa macho. "Kuelewa usalama" haikai ukutani. "Kusimamisha mashine yenye hitilafu na kuandika taarifa" inakaa.

Wahadhiri waje wasikilize ila wasiongee siku ya kwanza, hilo nalisisitiza sana, maana mhadhiri akishasema "hiyo ipo kwenye moduli ya mwaka wa pili" jopo linaacha kufikiria kazi linaanza kufikiria chuo.

Sasa tuchukue kadi moja. Tuseme ni kozi ya wasimamizi wa maghala ya dawa, na kadi inasema "Kupokea mzigo wa dawa zinazohitaji baridi." Muulize mzoefu anafanyaje, hatua kwa hatua. Atakuambia lori likifika anasoma kwanza kifaa kilichorekodi joto njiani, anaangalia kama limekaa kati ya nyuzi 2 na 8 muda wote, kama kuna saa mbili lilipanda mpaka 11 haupokei mzigo wala haurudishi, anautenga kwenye chumba cha baridi, anaubandika alama, anampigia mtengenezaji, na hapo dereva anamgombeza kwamba anamchelewesha na meneja wa mauzo anapiga simu kwamba wateja wanasubiri.

Umeona kilichomo humo? Kuna kusoma mchoro wa data na kujua wastani unaweza kuficha kilele, hiyo ni takwimu. Kuna swali la kwanini chanjo iliyoganda inaweza kuwa hatari sawa na iliyopata joto, hiyo ni baiolojia na kemia. Kuna sheria na ufuatiliaji wa bechi. Kuna gharama ya mzigo uliotengwa, hiyo ni uhasibu wa maamuzi. Na kuna maadili, kusimama kwenye uamuzi sahihi huku watu wawili wanakufokea. Hayo matano ndo yanayoitofautisha elimu ya juu na kozi ya siku mbili ya kujaza fomu, kwahiyo kila kadi iulize swali hili: ili mtu afanye hili vizuri hata pale hali ikiwa tofauti na aliyozoea, anatakiwa aelewe nini? Kadi isiyo na kitu chini yake iache iwe mafunzo ya kazini tu, usiipe krediti.

Mkimaliza, ziandike kadi zote kwenye jedwali moja ulipeleke kwa wafanyakazi wengine wa waajiri wote, wapige alama kila kazi inafanyika mara ngapi na ikikosewa madhara yake ni makubwa kiasi gani. Kazi inayofanyika mara chache lakini ikikosewa mtu anaumia inastahili nafasi kubwa, na ukiliachia jopo peke yake mara nyingi itasahaulika.

Hatua ya 5: Kutoka kwenye kadi kwenda kwenye moduli

Panga kadi kwa maarifa yanayofanana chini yake, sio kwa idara za chuo zilivyo. Moduli moja inaweza kuhitaji mhadhiri wa takwimu na wa sheria, na ni sawa, wafundishe wawili.

Kwenye krediti uwe makini. Mfumo wa Ulaya wa ECTS unahesabu krediti moja kuwa saa 25 mpaka 30 za kazi ya mwanafunzi na mwaka mzima ni krediti 60, Uingereza krediti moja ni saa 10. Mfumo wowote mnaotumia, zinahesabiwa saa za kujifunza, sio saa za kuwepo kazini. Mwanafunzi akifanya kazi ileile aliyoizoea kwa wiki arobaini hajajifunza wiki arobaini. Kwahiyo andika wazi ndani ya kila moduli: saa kadhaa za darasa, saa kadhaa za kusoma mwenyewe, saa kadhaa za shughuli maalum kazini, na hiyo shughuli itajwe kwa jina, iwe na lengo na iwe na kitu mwanafunzi anakirudisha.

Mfanyakazi wa miaka mingi atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwanini asome kitu anachokijua. Weka utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali tangu siku ya kwanza: alete ushahidi, ahojiwe, akionesha amefikia lengo la moduli apewe krediti bila kuisoma. Kinachopewa krediti ni alichojifunza, sio miaka aliyokaa. Na wekeni kikomo, sehemu gani ya shahada inaweza kupatikana kwa njia hiyo.

Hatua ya 6: Muda

Uliza msimu wa msongamano wa kila mwajiri kabla hujagusa ratiba. Wahasibu wana mwisho wa mwaka wa fedha, hoteli zina msimu wa wageni, shule zina mitihani. Halafu chagueni pamoja: siku moja kila wiki, au wiki nzima kila baada ya miezi miwili, au kupokezana miezi kama Wajerumani. Mtandaoni inasaidia ila usiifanye kisingizio cha kumsomesha mtu usiku wa manane baada ya zamu.

Lazima muda wa kujifunza ulindwe kwa maandishi, ndani ya saa za kazi na mshahara wake ukiwa palepale. Mfumo wa uanagenzi wa Uingereza kwa mfano ulidai 20% ya saa za kazi kuanzia 2017, na kati ya 2022 na 2025 ukadai angalau saa 6 kwa wiki kwa mfanyakazi wa muda wote. Namba yenu inaweza kuwa tofauti, muhimu iwepo namba, kwasababu neno "atapewa nafasi ya kusoma" linayeyuka wiki ya kwanza yenye presha.

Hatua ya 7: Makubaliano ya pande tatu

Chuo, mwajiri, mwanafunzi, wote wanasaini karatasi moja. Mengi utayapata kwa mwanasheria wa chuo ila haya yasikose, kwa lugha ambayo mwanafunzi ataielewa bila kutafsiriwa:

- Akifukuzwa, akipunguzwa au kampuni ikifunga, anaendelea vipi na masomo na nani analipa ada iliyobaki.
- Akiacha kazi mwenyewe, kama anadaiwa chochote, kiasi gani na kwa muda gani. Usikubali kifungo cha miaka mingi, kinawaogopesha watu wazuri.
- Likizo ya uzazi na ugonjwa.
- Siri za kampuni kwenye kazi za mwanafunzi, nani anasoma, nani anahifadhi.
- Mradi wa mwisho ukizaa kitu cha kuuza, ni cha nani.
- Bima, nani anawajibika mwanafunzi akiumia.
- Jina la supavaiza, na saa ambazo kampuni imempunguzia kazi zake ili amsaidie mwanafunzi.

Hilo la mwisho litapigiwa kelele kuliko yote. Lipiganie.

Hatua ya 8: Mwandae supavaiza

Supavaiza ni mtu anayeijua kazi vizuri lakini mara nyingi hajawahi kufundishwa kufundisha, na wakati mwingine yeye mwenyewe hana shahada anayoisomea kijana wake. Hilo liongelewe kwa heshima. Mtu akihisi kwamba anamwandaa atakayemrithi kiti chake hawezi kumpa yote anayoyajua, na sio roho mbaya, ni hofu ya kawaida ya binadamu. Mpe kitu na yeye: cheti cha usimamizi wa mafunzo kinachotambulika, nafasi ya kuanza kozi kwa kutambuliwa ujuzi wake, au jina lake kwenye kamati ya mtaala.

Mafunzo yake yawe siku moja au mbili, na yawe ya vitendo. Afanye mazoezi ya mambo matatu tu: kugawa kazi kwa mpangilio wa ugumu ili mwanafunzi asiachiwe kazi za kubeba tu, kutoa maoni baada ya kosa bila kumvunja mtu moyo, na kuuliza "ungefanyaje kama..." badala ya kujibu kila kitu yeye. Mpe kijitabu kifupi, kurasa chache tu, kinachoonesha wiki hii chuoni wanasoma nini na kazini amtafutie shughuli gani inayoendana. Kijitabu hicho ndo kiunganishi chote, kikikosekana chuo kinafundisha bajeti mwezi wa tatu na kazini bajeti inaandaliwa mwezi wa tisa.

Kisha kila muhula mhadhiri mlezi aende kazini, wakae watatu, dakika 45 zinatosha. Mwanafunzi ndo aanze kuongea: nimefanya nini, nimekwama wapi, nahitaji kupewa kazi gani ambayo sijapewa. Muhtasari uandikwe palepale na wote waweke sahihi. Ukiona supavaiza kahamishwa na hamna aliyekuambia, usisubiri muhula uishe, piga simu siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Tathmini

Maksi za shahada ni jukumu la chuo, mwajiri anathibitisha utendaji. Tenganisha vitu hivi viwili kabisa. Supavaiza anajaza orodha ya kazi alizoziona kwa macho yake, amefanya peke yake au amesaidiwa, tarehe na sahihi. Chuo kinapima uelewa: kwanini ulifanya hivyo, njia zingine zilikuwa zipi, ushahidi wako ni upi. Na fomu ya kampuni ya kupandisha mshahara isiingie kwenye maksi hata kidogo, mwanafunzi akijua kosa alilolikiri kwenye ripoti ya chuo litamfikia bosi, ataandika ripoti safi zisizo na ukweli ndani.

Maswali nayo yabadilike. "Eleza umuhimu wa udhibiti wa stoku" mtu anajibu bila kukanyaga ghala. Mwambie hivi: chukua bidhaa tatu zilizoisha ghalani kwako muhula huu, onesha kwa takwimu zako kwanini ziliisha, pendekeza kiwango kipya cha kuagiza, kadiria gharama yake, kisha mweleze supavaiza wako na uandike alikubali au alipinga nini. Hiyo ni vigumu kunakili, na mwajiri anabaki na kitu cha kutumia. Mwisho wa mwaka ongeza mahojiano ya ana kwa ana, mhadhiri mmoja na mtaalamu mmoja kutoka kwa mwajiri mwingine, sio wa kwake.

Hatua ya 10: Kibali, gharama, na kundi la kwanza

Mamlaka ya ithibati na bodi ya taaluma husika zihusishwe mapema, wapelekee rasimu kabla haijakamilika. Tunza kila kitu: picha za kadi ukutani, mihutasari, barua pepe za waajiri wakibadilisha moduli. Wakaguzi wakiuliza waajiri walishirikije unawaonesha moduli ya nne kabla na baada.

Kwenye bajeti, gharama inayosahaulika ni safari na saa za wahadhiri walezi. Ziara moja inaweza kula nusu siku, zidisha kwa wanafunzi na mihula, uiandike kama mzigo rasmi wa kazi wa mhadhiri, la sivyo ziara zitakufa mwaka wa pili.

Kundi la kwanza liwe dogo, watu kumi na tano au ishirini wanatosha. Unda kamati ndogo ya waajiri, wanafunzi wawili na chuo, ikutane baada ya wiki sita za mwanzo, maana kufikia mwisho wa mwaka walioumia wameshaondoka. Angalia dalili hizi: mwanafunzi anakosa siku yake ya masomo mara mbili mfululizo, kijitabu cha supavaiza kiko safi hakijaguswa, ripoti za wanafunzi wa kampuni moja zinafanana. Kila moja ina mtu wa kumpigia, kwahiyo kwa kila mwajiri uwe na majina mawili na namba mbili, mmoja akihama mwingine anapokea simu.